Chumba cha mtoto: tuulize gundi, rangi na dawa kabla hatujauliza bei

Seremala wa Wete (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wadau.

Karakanani kwangu siku hizi oda za vyumba vya watoto zimeshika kasi, na karibu kila mzazi akiingia swali lake la kwanza ni mbao gani: mninga, mvule, mkangazi au mtiki? Hakuna ubaya kuuliza. Lakini mbao kavu isiyopakwa kitu, iwe ya mti wowote kati ya hiyo, haina mengi ya kumdhuru mtoto anayelala juu yake. Kinachomfikia mtoto ni kile tulichoiunganishia, tulichoipaka, na tulichoitia ili isiliwe na wadudu. Mafundi hatuulizwi hayo, na wengi wetu tusipoulizwa hatusemi. Ndiyo sababu ya uzi huu. Wenye taaluma ya afya nawaomba muongeze na mnisahihishe.

GUNDI. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapouziwa wasichokijua. Makabati meupe yanayong'aa, yanayokuja kwenye maboksi na kufungwa kwa skrubu, mengi ni MDF au chipbodi. MDF ni nyuzi za mbao, chipbodi ni chembe za mbao, na vyote viwili hugandishwa kwa gundi chini ya joto na mashine ya kukandamiza. Gundi inayotumika zaidi, kwa kuwa ni rahisi, ni ya yurea na formaldehaidi. Formaldehaidi ni gesi isiyoonekana, inachoma macho na koo, na mwaka 2004 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliitia kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu.

Gundi hiyo haikauki ikaisha habari yake. Unyevu huivunja taratibu na joto huongeza kasi, gesi ikawa inatoka miezi na hata miaka, ingawa kila muda ukienda inapungua. Sasa tazameni kipimo kinachofanyika Ulaya. Ubao wenye alama ya E1 hutakiwa usitoe zaidi ya miligramu 0.124 za gesi hiyo katika mita moja ya ujazo wa hewa. Lakini kipimo hicho hufanywa ndani ya chemba yenye nyuzi joto 23 na unyevu wa asilimia 45. Chumba gani cha Pemba au Unguja kina hali hiyo? Wakati wa masika tunafunga madirisha kwa mvua, nguo hazikauki kwenye kamba, viatu vinaota ukungu. Ubao uliofaulu kule, huku unaweza kutoa zaidi ya ulivyopimwa. Hapo tunazungumzia ubao wenye alama. Usio na alama yoyote hatujui hata pa kuanzia.

Kwa hiyo ukilazimika kununua MDF au chipbodi, geuza kabati utazame mgongoni na chini ya droo. Tafuta E1, au maandishi ya kiwango cha California (CARB 2), ambacho tangu 2018 kimekuwa sheria kwa Marekani nzima, au nyota nne za Kijapani zinazotanguliwa na herufi F. Kisha angalia kingo. Uso wa juu uliofunikwa kwa melamini (ile ngozi ngumu ya plastiki) huizuia gesi vizuri, lakini kingo zilizoachwa wazi, matundu ya skrubu yasiyotumika na ubao wa mgongoni ndiyo milango yake. Na fanya jambo moja dukani kabla hujatoa hela: fungua droo iliyokuwa imefungwa, sogeza uso. Macho yakiwasha, ondoka.

Mimi kitanda cha mtoto nakifunga kwa ulimi na tundu, na gundi nyeupe ya maji (PVA), ambayo haina habari ya formaldehaidi. Gundi ya njano ya kubandikia fomaika siitumii kwenye kazi ya mtoto, maana nyingi zina toluini, kiyeyushi chenye mvuke mkali, na harufu yake peke yake inaumiza kichwa cha mtu mzima.

RANGI. Hatari kubwa ni risasi, yaani madini, wala si mvuke. Rangi za mafuta zinaweza kuwa na risasi, na zile za kuwaka ndizo za kuhofiwa zaidi: njano, nyekundu, machungwa, na kijani kinachotokana na njano hiyo. Rangi hizo hizo ndizo tunazopenda kumpakia mtoto! Na mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda. WHO na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa wanapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni katika rangi kavu. Soma kopo. Kama halisemi lolote kuhusu risasi, chagua jingine, na ikiwezekana iwe rangi ya maji. Vanishi za maji nazo zimeshafika madukani.

DAWA. Mbao za paini zenye rangi ya kijani, tunazoziita mbao za dawa, ni za paa. Nyingi zimetiwa shaba, kromu na arseniki, ambayo ni sumu kali. Marekani iliacha kuzitumia kwenye majengo ya makazi mwishoni mwa 2003. Hazifai kitanda, meza, wala rafu ya vitabu vya mtoto, na mabaki yake msiyatie jikoni, maana arseniki hubaki kwenye moshi na majivu. Vilevile mbao iliyopakwa oili chafu dhidi ya mchwa isiingie ndani ya nyumba kabisa.

Nimesema mengi. Karibuni.

Mama wa Fuoni

Waalaykum salaam kaka fundi. Umenitia hofu lakini nashukuru. Nina ujauzito wa miezi saba na tumeshanunua kabati jeupe la milango mitatu, limeshafungwa kwenye chumba cha mtoto. Likifunguliwa lina harufu kali. Pesa imeshakwenda na dukani hawarejeshi. Nifanye nini? Mama mkwe anasema nifukize udi kila jioni harufu itakwisha.

Seremala wa Wete

Dada yangu, usiwe na hofu na usilitupe. Una miezi miwili, na huo ni muda wa maana.

Kwanza lihamishe, likae ukumbini au kwenye chumba kisicholala mtu. Toa kila kitu ndani, fungua milango yote na chomoa droo, madirisha yawe wazi mchana kutwa. Zikipatikana siku za jua na upepo, ndizo zenye faida kubwa: joto litaitoa gesi na upepo utaichukua. Joto bila upepo halisaidii, linajaza tu chumba.

Pili, mwambie fundi yeyote wa karibu azibe kingo zote zilizo wazi. Apige vanishi ya maji mikono miwili au mitatu, au abandike ukanda wa melamini. Asisahau mgongo wa kabati na sehemu ya chini inayotazama sakafu, maana huko ndiko unyevu unakoingilia na ubao ukavimba. Matundu ayazibe.

Tatu, akizaliwa mtoto, kabati likae chumba kingine kama nafasi ipo. Nguo zake ziweke kwenye kikapu au kasha la mbao tupu, na zile zilizokaa kabatini zifue kabla ya kumvika.

Udi, kwa heshima zote za mama, hauondoi gesi. Unaongeza moshi juu yake, na moshi wowote ni mzigo kwa mapafu ya mtoto mchanga. Fukizeni nguo zenu na ukumbi kama ada yetu ilivyo, chumba cha mtoto kiacheni.

Nesi wa Bububu

Naunga mkono, na naomba niongeze mawili ya upande wangu.

La kwanza ni risasi. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano ya unavyofyonza wa mtu mzima, na inakwenda kwenye ubongo unaojengeka. Mara nyingi huoni dalili. Hatapika, haumwi homa. Unakuja kuona miaka baadaye mtoto anashindwa kutulia na kusoma. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi, kwa hiyo dagaa, mboga za majani na maziwa navyo ni kinga.

La pili halijasemwa na limo katika nyumba nyingi: vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza mende na nondo, naftalini. Kuna hali ya kurithi ya upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na inapatikana kwa wingi kwenye sehemu zilizokaliwa na malaria miaka mingi kama visiwa vyetu. Mtoto mchanga mwenye hali hiyo akivishwa nguo au akifunikwa shuka iliyolala na naftalini, chembe nyekundu za damu yake huweza kupasuka. Anageuka manjano, damu inapungua, na manjano ikizidi huharibu ubongo. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao ana hali hiyo. Kwa hiyo toeni vidonge hivyo, fueni kila kitu kilichokaa navyo, anikeni juani. Mkitaka harufu nzuri kabatini wekeni karafuu kavu kwenye kitambaa, juu kabisa asikofikia. Mafuta ya karafuu hapana, akiyanywa mtoto yanamdhuru vibaya.

Mzee wa Mkoani

Vijana, nawasoma. Sisi tumelelewa kwenye vitanda vilivyopakwa rangi ya mafuta, nyumba zimepigwa dawa, na tumekuwa watu wazima tuna wajukuu. Naona mnawatia watu gharama. Mninga sasa bei yake haishikiki, nani ataweza?

Seremala wa Wete

Shikamoo mzee wangu. Nakujibu kwa adabu.

Kitanda alicholelewa baba yangu, na bila shaka na wewe, kilikuwa mifumbati miwili, vitakizo viwili na matendegu manne ya mbao tupu, kimetandwa kwa kamba za ukindu au za makumbi. Hakuna gundi, hakuna povu. Madirisha ya mbao yaliachia upepo usiku kucha, na ukuta ulipakwa chokaa. Chumba cha mtoto wa leo kina dari ya plaiwudi, kapeti la plastiki, kabati la MDF na dirisha la alumini lililofungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Hewa ni ile ile inazunguka. Ndiyo maana nasema hatuwezi kupima leo kwa jana.

Na aliyedhurika na risasi hakujulikana, mzee. Nesi ameeleza kuwa haina dalili za wazi.

Kuhusu bei nakubaliana nawe kabisa, na ndiyo maana nimesema mbao ghali si sharti. Mfenesi wetu hapa ni mbao nzuri mno, rangi yake ya manjano inakolea kuwa hudhurungi kadiri inavyozeeka, na haina haja ya kupakwa rangi. Mwembe ni rahisi zaidi. Paini isiyotiwa dawa inatosha kwa chaga. Mtoto hahitaji kabati la milango mitatu. Anahitaji kitanda, kasha moja la nguo na mkeka. Vitu vitatu vya mbao tupu mara nyingi havifiki bei ya seti moja ya kwenye boksi, na miaka kumi baadaye vipo.

Mbao ikaushwe tu. Mbao mbichi inapinda, inaota ukungu, na bungua anaipenda.

Mpemba wa London

Assalaam alaykum. Napakia kontena la familia, narudi nyumbani na watoto. Nina sofa dogo la watoto, magodoro mawili ya povu na kitanda cha mtoto mchanga tulichopewa na jirani, kina upande mmoja unaoteremka. Vyote vizima. Nilete?

Seremala wa Wete

Kaka, sofa na magodoro acha huko. Uingereza ina kanuni za moto za samani za mwaka 1988, kali kuliko za nchi nyingi, na njia ya kuzitimiza imekuwa kutia kemikali za kuzuia moto kwenye povu na vitambaa. Baadhi ya kemikali za jamii hiyo zenye bromini zimeshawekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sugu, za kwanza 2009 na nyingine 2017, kwa sababu hazimaliziki katika mazingira na hukusanyika mwilini. Hazikushikamana na povu, zinatoka na vumbi, na mtoto anatambaa kwenye vumbi hilo. Povu la zamani linalomomonyoka ukilikuna ndilo baya zaidi. Hii inawahusu pia wanaonunua masofa ya mtumba hapa hapa.

Kitanda chenye upande unaoteremka kimepigwa marufuku Marekani tangu 2011 baada ya watoto kunaswa na kufa. Usimletee mtu. Meza na viti vya mbao tupu, vitabu, hivyo leta.

Bibi wa Makunduchi

Na godoro la usufi je? Hamjalitaja. Nimelea wanangu wote juu ya usufi na bado ninao msufi nyuma ya nyumba.

Seremala wa Wete

Shikamoo bibi. Usufi ni neema tuliyoipa mgongo. Unatoka kwenye tumba la mti, hautiwi dawa wala gundi, nyuzi zake ni tupu ndani na zina nta ya asili, ndiyo maana haunywi maji upesi. Ukianikwa juani mara kwa mara hauvundi. Shida zake mbili: unashika moto haraka sana, kwa hiyo uwe mbali na mshumaa, kibatari na chetezo, na vumbi lake wakati wa kujaza linachochea pumu, kazi hiyo ifanyike nje na mtoto asiwepo. Nesi, kwa mtoto mchanga?

Nesi wa Bububu

Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, usufi uliojazwa laini haufai, bibi yangu, kwa sababu uso wake unaweza kuzama akakosa pumzi. Alale chali, kwenye godoro gumu lililonyooka, bila mto. Akishavuka umri huo, mlaze kwenye usufi kwa raha zako. Kama ni povu, liwe jipya, liondolewe nailoni na lianikwe mahali pa upepo mpaka harufu iishe kabla ya kulitandika.

Mwalimu wa Chake

Mimi nina samadari ya bibi, imepakwa rangi ya kijani miaka hiyo, imeanza kubanduka. Nataka niikwangue nimpe binti yangu. Na bungua ameshaanza kutoboa kitakizo kimoja. Nipige dawa gani?

Seremala wa Wete

Mwalimu, hapa kuwa mwangalifu kuliko popote. Rangi ya zamani ichukulie kuwa ina risasi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usiipige msasa ikiwa kavu na usiichome kwa moto. Njia zote mbili zinaigeuza kuwa vumbi na mvuke. Ipeleke nje, tandika turubai, lowesha kwa maji, kwangua ikiwa mbichi, vaa barakoa nzuri. Binti na mama mjamzito wasiwe karibu. Usifagie, futa kwa kitambaa kibichi, kunja turubai na takataka zake pamoja, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kama kuna nakshi ndani ya mifereji usiyoweza kuisafisha, mpe binti kitanda kingine na samadari iwe yako.

Bungua anakula ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, yenye wanga. Kitakizo kilicholiwa kibadilishwe kwa mbao ya kiini. Mbao mpya ikiwa bado tupu unaweza kuipaka maji ya boraksi, ikauke kabisa, halafu uifunike kwa vanishi ya maji. Boraksi isimezwe, kwa hiyo usiipake kwenye ukingo anaoutafuna mtoto. Dawa za shambani, dizeli na oili chafu, usithubutu.

Kwa umaliziaji napenda nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya kitani yasiyotiwa vikaushio vya madini. Mafuta hayo yanachukua wiki kadhaa kukauka sawasawa, na kitambaa ulichopakia usikikunje ukakiacha pembeni: kinaweza kujiwasha chenyewe. Kitie ndani ya maji. Mafuta ya nazi hayafai, hayakauki na yatavunda.

Mama wa Fuoni

Kaka, kabati limeshahamia ukumbini leo, mume wangu ameniunga mkono. Niambie basi, nina pesa kidogo iliyobaki: nianze na nini? Na yale mazulia ya vipande vya sponji vyenye herufi, na chandarua chenye dawa?

Seremala wa Wete

Hongera dada. Chandarua chenye dawa kibakie, wala usiwe na wasiwasi nacho. Dawa yake imepimwa kwa kazi hiyo, na malaria ni hatari ya kweli. Mazulia ya sponji yaache; mwishoni mwa 2010 Ubelgiji na Ufaransa ziliyazuia kwa ajili ya kemikali ya formamaidi, na mkeka wa ukindu usiotiwa rangi unafuta vizuri na unaanikwa. Kapeti la plastiki laini nalo liache, ulaini wake mara nyingi unatokana na kemikali ambazo Ulaya imeziwekea kikomo kwenye vitu vya kuchezea watoto.

Pesa yako ianze na ukuta, sasa hivi, maana rangi ya ukutani inahitaji kama mwezi mmoja wa madirisha wazi. Kama nyumba ni ya mawe na chokaa, paka chokaa tu. Ukungu hauipendi na ukuta unapumua. Kama ni ya saruji, rangi ya maji.

Kisha kitanda na godoro gumu. Mwambie fundi wa huko kwenu: mbao tupu iliyokauka, gundi nyeupe ya maji, vanishi ya maji, na nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6 ili kiwiliwili kisipite kichwa kikanasa. Godoro lijae fremu yote, vidole viwili visipenye ukingoni. Akikimaliza kikae kivulini penye upepo mpaka harufu iishe kabisa, hata kama ameahidi kukileta wiki hiyo hiyo. Akikuuliza unataka mbao gani, mwambie yoyote kavu aliyonayo, halafu mtake akuoneshe kopo la vanishi.